Eti "Mnadeka"! Dada Staa, Mimba Inayotapisha Siyo Kiki

Jamani, nimekunywa maji ya baridi glasi tatu ndio nikakaa kuandika, maana ningeandika na hasira zangu ningetaja majina.

Mnamjua lakini. Yule dada wa video za Bongo Fleva za enzi zile, siku hizi mjasiriamali, nyusi kama zimepigwa rula. Katupia klipu akiwa jikoni kwake, friji la milango miwili nyuma, anasema wanawake wa sasa tunadeka na mimba. Mama zetu walilima, wakabeba kuni, wakajifungua, wala hakuna aliyelazwa eti kwa kutapika. Mwishoni kabisa ikatoka pakiti: unga wa kukata kichefuchefu, 35,000, unatumiwa mkoa wowote. Kumbe hotuba yote ile tangazo!

Na wote tunajua jiwe lile karushiwa nani. Kuna msanii wa kike amekosa shoo mbili, meneja wake akasema ana ujauzito mchanga na hali yake siyo nzuri. Mkashuka kwenye komenti: "kiki hiyo", "anatafuta huruma", "mimba siyo ugonjwa". Nimezisoma zote. Nyingine zimeandikwa na wanawake wenye picha za watoto wao kwenye profaili.

Tuelewane kwanza. Kichefuchefu cha kawaida kinawapata wajawazito 7 mpaka 8 katika kila 10. Kinaanza mapema, kinakolea kwenye wiki ya 9 au ya 10, na wengi wanapumua kati ya wiki ya 16 na ya 20. Huyo ni yule dada anayetapika asubuhi, mchana anafuta sahani ya ubwabwa, kwenye daladala ana kikopo chake cha kutemea mate, na nyumbani hataki hata kusikia harufu ya mume. Huyo kila mtu anamjua, ndio maana kila mtu anajiona dokta.

Kuna mwingine sasa. Hawa ni wachache, hawazidi watatu katika 100. Huyu akimeza hata mate yake yanarudi. Maji yanarudi. Anapoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba, yaani dada wa kilo 60 zinamwondoka 3 na ushee, na mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyolala. Huo ni ugonjwa, una jina refu la kidaktari na una matibabu. Kate, mke wa Prince William, alilazwa London kwa ugonjwa huohuo Desemba 2012, na mimba mbili zilizofuata ukamrudia. Mtu ana wapishi na madaktari wa kifalme, yeye anamdekea nani?

Hata hilo la "kiki" siyo la kwenu. Mwaka 1999 mwanasayansi mmoja Marekani, Marlena Fejzo, alitapika mpaka kutembea hawezi, na mimba ikatoka ikiwa na wiki 15. Daktari wake alimwona mtu anayetaka kuangaliwa tu. Dada wa watu akageuza machungu kuwa kazi. Desemba 2023 yeye na wenzake wakatoa utafiti kwenye jarida la Nature: kuna homoni inaitwa GDF15, inatoka kwa wingi kwa kijusi na kondo la nyuma, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye inayempiga zaidi. Kwa hiyo wewe na mwenzio hamkubeba mzigo mmoja. Uliyepita nayo kirahisi, shukuru, nyamaza.

Nasema kwa ukali kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wenu. Wifi yangu, mimba yake ya kwanza, alikuwa analala sakafuni bafuni kwa sababu vigae vina ubaridi. Nilimbandika jina la "Malkia". Nikirudi kazini nauliza kwa sauti ili asikie, "Malkia ameamka?" Wiki ya tatu hivi tukamwita kijana wa duka la dawa la mtaani, akamtundikia dripu ya glukosi kwenye msumari wa pazia. Akachangamka siku moja, tukacheka, si tulisema! Siku ya nne akaanza kuona watu wawili wawili na kuyumba kama mlevi.

Hospitali hawakuuliza kwa nini anatapika. Waliuliza amekaa muda gani bila chakula kukaa tumboni, na kabla ya ile glukosi alipewa vitamini B1 au hakupewa. Tulitazamana. Mtu aliyetapika wiki kadhaa B1 inamwishia mwilini, na ukimwaga glukosi kabla ya kuirudisha unaweza kumuumiza ubongo. Walimuwahi. Mtoto yupo, ameshanivunjia simu mbili. Ila mama yake na mimi ile habari ya "Malkia" hatujawahi kuiongea, na nadhani anaikumbuka.

Sasa turudi kwa dada wa pakiti. Kwenye klipu anasema dawa za hospitali zina kemikali, zililemaza watoto wa wazungu. Kweli, ilitokea. Thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, na mpaka inaondolewa huko mwaka 1961 ilishaharibu. Duniani watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na viungo pungufu. Lakini dada, hiyo stori inakusema wewe! Kile kilikuwa kitu walichouziwa wajawazito kwa maneno matamu bila kupimwa vya kutosha. Unga wako umepimwa wapi?

Tangawizi mimi siikatai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliitaja pamoja na vitamini B6 kwa kichefuchefu cha mimba changa, na sokoni tangawizi haiuzwi 35,000. Kula kidogo kidogo, tafuna kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, kimbia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Vidonge vya kuongeza damu vikikuzidishia, mwambie nesi kliniki akubadilishie utaratibu, usivifiche chini ya godoro. Na wale wa udongo, najua ni mtamu, ila unazuia chuma kuingia mwilini na unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi. Ikizidi hapo zipo dawa ambazo madaktari wamewapa wajawazito kwa miaka mingi, kama doksilamini pamoja na hiyohiyo B6. Uandikiwe na daktari lakini, usichague mwenyewe dirishani.

Ila maji yakikataa kukaa tumboni siku nzima, au saa 8 zimepita hujakojoa, au unaona kizunguzungu ukisimama, au kuna damu kwenye matapishi, homa, tumbo linakata, usiku huohuo nenda hospitali. Homa inaweza kuwa malaria au U.T.I. Kutapika kupitiliza kunaweza kuwa mapacha, kunaweza kuwa mimba zabibu. Unga wa kwenye basi hauoni hayo, kipimo ndio kinaona.

Kwa hiyo dada yetu, picha ya pakiti tumeiona mbele. Igeuze. Tuonyeshe kilichomo, gramu ngapi za nini, na namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukituma naiweka hapahapa, juu kabisa, bila kukata neno. Na nyie mliomwandikia yule msanii "kiki", komenti zenu bado zipo na kitufe cha kufuta mnakijua kilipo.