WATANI WA JADI: UKISUSA, UMEMFUNGA NANI?

Leo safu yako inaingia mahali ambapo wazee wazima hutokwa jasho, mabinti hununiana na mashemeji husahau heshima. Naam, leo ni Simba na Yanga.

Usiniulize mimi ni mnazi wa upande gani. Ukishaijua rangi yangu utaacha kusoma katikati, na mhariri atanijia juu. Wewe chukulia tu kwamba ni mtani wa wote wawili.

Hapa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, hakuna Mtaa wa Twiga wala Mtaa wa Msimbazi. Kutoka hapa mpaka Kariakoo ni safari ya kusinzia ndani ya basi mpaka shingo ikatae kugeuka. Wanazi wengi wa huku Uwanja wa Benjamin Mkapa wameuona kwenye televisheni tu. Lakini siku ya mechi, hebu njoo stendi! Bodaboda wamefunga vitambaa vya rangi, kibanda umiza kimejaa mpaka watu wanachungulia dirishani, na mama lishe aliyejifunga kanga nyekundu hataki kumpa chai jamaa wa jezi ya kijani mpaka alipe kwanza deni la wiki jana.

Kuna kichekesho kinachozunguka vijiweni. Kijana kapeleka posa, kapiga magoti, kamwamkia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapahapa Meatu, baba."

"Siulizi kijiji, mwanangu. Nauliza timu."

Kijana akajibu. Mzee akakohoa, akamgeukia mshenga: "Zile ng'ombe tulizosema, ongezeni mbili."

Unacheka? Cheka, ni ruhusa. Lakini baada ya kucheka nataka ujiulize swali moja: kwa nini watu wetu hawa hatuwaiti maadui wa jadi? Tangu redio za mbao mpaka simu za kubofya kwa kidole tumewaita watani. Na utani, msomaji wangu, una sheria zake.

Waulize wazee. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakutukana mbele ya wakwe, hata msibani akalala kaburini akidai hatoki mpaka apewe chochote, nawe huruhusiwi kununa. Lakini siku yako ya shida, mtani ndiye anayetakiwa kufika. Mtani asiyefika si mtani tena, ni jirani mbaya tu. Hiyo sheria ishike vizuri, tutarudi kwayo.

Basi bwana, tuanze mwanzo. Yanga, yaani Young Africans, inahesabu umri wake tangu 1935. Simba inahesabu tangu 1936. Unaona? Wamepishana mwaka mmoja, kama watoto wa mama asiyepumzika. Wote ni wa Dar es Salaam ileile, vijana wa Kiafrika waliotaka timu yao wakati mkoloni ana viwanja vyake na klabu zake. Simba kwanza iliitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Mwaka 1971 ndipo ikaachana na Uingereza na kuwa Simba. Ligi ya taifa ilianza 1965, na Sunderland hiyohiyo ndiyo ikaanza kwa kulitia kapuni taji la kwanza.

Sasa sikiliza vipigo, maana hapa ndipo utani unapokolea. Juni 1, 1968, Yanga iliichapa Sunderland mabao 5-0. Matano bila! Maulid Dilunga alitupia mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara akamalizia moja. Wazee wa Jangwani waliuishi ushindi ule kwa miaka.

Mwaka 1974 Simba ilikuwa moto kishenzi. Mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Lakini nyumbani, Agosti 10, watani walikutana kugombea ubingwa wa taifa, na hawakukutania Dar. Walikutania Nyamagana, Mwanza! Kanda ya Ziwa ilipata bahati. Huku kwetu hakukuwa na mkoa wa Simiyu wakati ule, maana mkoa huu umezaliwa 2012, lakini kwa mara moja Kariakoo ilikuwa imetusogelea. Adam Sabu akaipatia Simba bao mapema, Msimbazi wakaanza kuhesabu kombe. Dakika za jioni kabisa Gibson Sembuli akasawazisha. Dakika za nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi, Yanga 2, Simba 1. Ukimkuta mzee wa Mwanza aliyekuwapo siku ile, mnunulie soda, kisha kaa chini, maana hatamaliza leo.

Januari 1975, Yanga ikarudia tena kule Zanzibar, mabao 2-0, fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati. Manara na Sembuli walewale. Kwa hiyo ungeniuliza mwaka ule nani atamaliza enzi ya Yanga, nisingekutajia Simba. Ningekuambia Yanga yenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1976 Jangwani kuliwaka moto wa ndani. Viongozi, wanachama na wachezaji waligombana mpaka nyumba ikapasuka, wakali kadhaa wakaondoka na kuunda Pan African, timu ambayo mwaka 1982 ilikuja kubeba ubingwa wa nchi. Yanga ikabaki na vijana. Julai 19, 1977, vijana wale wakakutana na mnyama mwenye njaa ya miaka tisa. Abdallah Kibadeni akafunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na Suleiman Sanga kwa bahati mbaya akaujaza mmoja kwenye lango lake mwenyewe. Sita bila majibu! Hadi leo hakuna mtani aliyempiga mwenzake kuliko hapo.

Tazama jambo hilo kwa makini. Kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya watani kilianza kupikwa mwaka mmoja kabla, tena jikoni kwa Yanga mwenyewe. Simba alikuja kupakua tu.

Miaka ikaenda. Mwaka 1992 walikutana tena Zanzibar kwenye fainali ya Afrika Mashariki na Kati, sare 1-1, penalti zikawapa Simba. Mwaka uliofuata Yanga ikaenda Kampala ikalibeba kombe hilohilo mbele ya SC Villa kwao, na Simba ikaenda mpaka fainali ya Kombe la CAF, ikasimamishwa na Stella ya Abidjan. Unaona mchezo? Mmoja akiinuka, mwenzake hapati usingizi.

Mei 6, 2012, Simba ikashusha tano bila. Emmanuel Okwi wa Uganda akafunga mawili, na hata kipa Juma Kaseja akatoka langoni kuja kupiga penalti na kuiweka kambani. Kwa miaka kumi na moja mnazi wa Simba alikuwa akiinua vidole vitano tu, halafu anaondoka zake, hana haja ya kusema neno. Katikati hapo, Oktoba 20, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, watu wakaanza kutafuta vidole vya kujibia. Filimbi ya mwisho: 3-3! Ikabidi wasubiri mpaka Novemba 5, 2023, Yanga ilipolipa kwa 5-1. Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki, Kennedy Musonda na Pacome Zouzoua moja moja. Siku ile vidole vitano vilihama mwenyewe.

Na ukitaka kujua utani unavyowanufaisha, hesabu mataji. Mohammed Dewji akamwaga fedha Simba, ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu ulioishia 2018 mpaka 2021. Jangwani wakaona haya, wakapata nguvu ya GSM, nao wakachukua mara nne mfululizo, 2022 mpaka 2025. Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, ikakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Simba akasema na mimi je? Mwaka 2025 akafika fainali ileile, akasimamishwa na RS Berkane ya Morocco. Unadhani mmoja angefika huko kama mwenzake angekuwa goigoi?

Sasa turudi kwenye ile sheria ya utani.

Mei 8, 2021, mechi ilipangwa saa 11 jioni. Siku ileile ikasogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakasema sisi tunajua saa 11, wakafika, wakaondoka. Simba wakafika kwa saa mpya. Mechi haikuchezwa mpaka Julai 3, na Yanga wakashinda 1-0. Tukasema ni bahati mbaya, haitarudia.

Ikarudia. Machi 2025, mkesha wa mechi, Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakatangaza hawachezi. Machi 8 Yanga wakafika uwanjani wakidai pointi zao. Bodi ikaahirisha. Vikafuata vikao, barua, matamko, kila mmoja na mwanasheria wake. Mpaka Juni 25 ndipo gozi likachezwa, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa palepale.

Katika hadithi hiyo yote, nani alimfikiria mnazi wa mkoani? Jamaa aliyeuza mbuzi apate nauli, akafika Ubungo na jezi mpya, akaambiwa mechi hakuna, rudi? Na yule wa Mwanhuzi aliyelipia kibanda umiza na kufunga duka mapema? Hao ndio waliofungwa siku ile, wa kijani na wa nyekundu kwa pamoja, na hakuna bodi iliyowapa pointi.

Huku Usukumani tuna kipimo cha mambo haya. Tangu enzi za mababu kuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, vilivyotokana na wakali wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi hutoka na kucheza siku moja, kila kimoja upande wake. Kila kikundi kina manju wake, dawa zake na vituko vyake, wengine mpaka na nyoka na fisi. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na hesabu inaonekana kwa macho. Dawa za kuvuta watu zipo, kama vile Kariakoo wanavyo vitu wanavyoviita kwa heshima kamati ya ufundi. Lakini hakuna Mgika aliyewahi kujisifu kwamba ameshinda kwa sababu Mgalu alibaki nyumbani. Mwenzio asipotoka, umemshinda nani? Umecheza ngoma, haya, umetoa vumbi, nenda kaoge.

Sheria hiyo haiwahusu wakubwa wa Dar peke yao. Inakuhusu na wewe kijana wa hapa. Ile mechi ya Juni ilianguka katika msimu wa kuuza pamba, na wewe unajua pesa ya pamba inavyochoma mfukoni. Jamaa anaweka mkeka, anaweka na ya ada ya mtoto juu yake, jioni anarudi nyumbani kimya kama kuku wa mvua. Mwingine anamnunia mkewe siku tatu kwa sababu mke alishangilia bao. Mwingine anampiga mshikaji wake ngumi, kesho yake mshikaji huyohuyo ndiye angemsukumia pikipiki ikizimika njiani. Hiyo siyo mahaba ya timu. Hapo umeitupa sheria ya mtani, yule anayekuudhi leo na kukuzika kesho.

Mtani tukana, inua vidole vitano, mwimbie jirani mpaka akuzimie taa. Ukifungwa, jitokeze. Usijifanye una malaria siku ya pili. Pita stendi palepale, chukua matusi yako yote, lipa na ile soda uliyoahidi. Maana siku yako nayo inakuja, na utamtaka awepo.

Na ninyi wakubwa wa Twiga na Msimbazi, mkisikia sauti kutoka Meatu, ni hii: gombaneni mpaka asubuhi, lakini filimbi ikilia muwe wote wawili uwanjani. Sisi huku mengine tutayamaliza wenyewe.

Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo. Na yule aliyefungwa mara ya mwisho, naomba asije na jiwe, aje na soda.