Wakili Anaposhika Kipaza Sauti

Jioni ya Machi 5, 2018, Sam Nunberg, aliyewahi kuwa msaidizi wa kampeni ya Donald Trump, aliketi mbele ya kamera za MSNBC nchini Marekani. Kutwa nzima alikuwa amezunguka kwenye vyombo vya habari akiapa kwamba hatatii wito wa mchunguzi maalumu Robert Mueller. Mwendesha kipindi, wakili Ari Melber, hakumkejeli. Walizungumza habari ya wito na yanayompata anayeukaidi, hadi Nunberg mwenyewe akauliza kama kweli angefungwa. Maya Wiley, mwanasheria aliyekuwa mezani, akamwambia kwamba familia yake ingependa awe nyumbani Sikukuu ya Shukrani. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, Nunberg alikwenda kutoa ushahidi.

Hiyo ndiyo faida ya kumpa mwanasheria kipindi.

Melber, mzaliwa wa Seattle, alipitia siasa kwanza: alimfanyia kazi Seneta Maria Cantwell, kisha kampeni ya urais ya John Kerry mwaka 2004. Akasomea sheria Cornell, akahitimu 2009, na akafanya uwakili New York katika ofisi moja na Floyd Abrams, bingwa wa kesi za uhuru wa habari. Mwaka 2013 aliingia kwenye kipindi cha The Cycle cha MSNBC. Kilipofutwa miaka miwili baadaye, alibaki kuwa mwandishi mkuu wa masuala ya sheria wa stesheni hiyo, na Julai 2017 akapewa kipindi chake, The Beat, ambamo hunukuu mistari ya rap katikati ya hoja za katiba.

Rap inapendeza, lakini uzito wa Melber uko kwenye maswali. Januari 2022 alimhoji Peter Navarro, aliyekuwa mshauri wa Trump, aliyeeleza kwa kujiamini mpango wa kuzuia matokeo ya uchaguzi wa 2020 yasiidhinishwe. Melber alimwacha aseme hadi mwisho, ndipo akamuuliza kama anajua kwamba anachokieleza ni mapinduzi. Mtangazaji mwenye haraka angemkatiza mapema, na tusingesikia lolote.

Mwezi uliofuata kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza mpango huo ilimwita Navarro. Alikataa, akidai kwamba rais ana haki ya kutunza siri zake, ilhali kwenye runinga aliendelea kuzungumza. Melber alimbana hapo hapo: yanayosemwa hewani wachunguzi nao wanayasikia.

Kasoro ipo. MSNBC, ambayo tangu Novemba 2025 inaitwa MS NOW, ina watazamaji wengi wasiompenda Trump. Jioni ambazo wageni wote wanakubaliana, kesi hugeuka tumaini la kisiasa, na sheria haijaahidi tumaini hilo. Kwa hiyo Melber anafaa zaidi pale anapowaalika wanaompinga, na stesheni yoyote inayotaka kumwiga ianzie hapo.

Navarro alitiwa hatiani Septemba 2023 kwa kulidharau Bunge, akatumikia kifungo cha miezi minne mwaka 2024, na mwaka uliofuata akarudi Ikulu kuwa mshauri wa biashara. Kamati ile ilivunjwa bila kumhoji hata mara moja. Aliyoyasema mbele ya Melber yako hadharani, na yeyote anayetaka kuyasikiliza anaweza.