Testa kuwaka taa 8 siyo ruhusa ya kutuma mzigo

Wauzaji wenzangu, hili limenila hela. Niko Kasulu, nauza kebo za intaneti, vichwa vya RJ45 nafunga mwenyewe. Nilituma moja ya mita 30 kwa basi kwenda Kibondo. Testa iliwaka taa zote. Kesho yake mteja anapiga: "Kaka, mbona intaneti inakatakata?" Nikarudisha hela, nauli ya mzigo ikaniangukia.

Kosa langu. Nilipanga rangi jozi kwa jozi, pande zote sawa, nikaona imetosha. Kumbe msokoto wa kila jozi ndio unaozuia mawimbi kuingiliana, na namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja. Panga hivi: nyeupe-orenji, orenji, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-brauni, brauni. Na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Testa ya bei rahisi inaangalia tu kama waya umefika. Kwa maoni yangu, kebo ambayo hujaihamishia faili kubwa kati ya kompyuta mbili bado hujaipima. Mteja wa mbali hawezi kuja dukani kubadilisha, ila kwenye komenti atafika.

Wewe unapimaje kabla ya kutuma?