Mkutano wa Kijiji si Mahali pa Kupiga Makofi Tu



Uko ugonjwa mmoja ulioingia katika vijiji vyetu vingi, nao ni ugonjwa wa kuitwa mkutanoni kwenda kusikiliza mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Mbiu hupigwa, watu huacha majembe yao, hukaa chini ya mwembe kwa saa mbili, husomewa karatasi, hupiga makofi, kisha hurudi makwao. Miezi michache baadaye kijito kimezibwa, au msitu umepimwa, au malisho yamewekewa mipaka. Hapo ndipo wananchi huulizana, "Jambo hili lilipitishwa lini?" Kumbe lilipitishwa siku ile ile waliyopiga makofi.

Yafaa tuyaseme mambo haya waziwazi, maana yahusu ardhi, maji na miti. Mtu asiyekuwa na sauti juu ya ardhi anayolima, maji anayokunywa na miti anayopikia, uhuru wake ni wa bendera tu.

Na tuanze na historia. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika milima ya Uluguru, Morogoro. Shabaha yake ilionekana njema: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua na kuteremka mitoni. Dawa waliyoichagua mabwana wale ilikuwa ni matuta ya ngazi. Wananchi walilazimishwa kwenda kuyachimba, na asiyechimba aliadhibiwa. Waluguru walilalamika kwamba udongo wa milima ile ni mwembamba, na kwamba ukichimba ngazi waufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usioota kitu. Hawakusikilizwa. Waliitwa wavivu na wapinga maendeleo. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kwa wingi kupinga. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukavunjika.

Wako watu mpaka leo wasemao kwamba Waluguru waliyakataa matuta kwa sababu ya siasa tu. Siasa ilikuwako, wala hatuoni haya kusema hivyo, maana TANU ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu, na wananchi walikwisha kuona pa kupelekea kilio chao. Lakini siasa haiwezi kumfanya mkulima alikatae tuta linalompa chakula. Kosa la mkoloni lilikuwa kudhani kwamba mtu mweusi hana ujuzi wa ardhi yake mwenyewe, na kwa hiyo hapana haja ya kumwuliza. Aliita watu ili awaamrishe. Hakuwaita ili ashauriane nao.

Wala kosa hili halikuwa la mkoloni peke yake. Tazameni Shinyanga. Nchi ile ilikuwa na miti na malisho. Tangu siku za ukoloni misitu ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena ili kupata mashamba ya pamba. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika, mifugo isiingie, nyasi na miti iote, kisha kuifungua wakati wa kiangazi njaa ya ng'ombe inapokuwa kali. Lakini wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974 na 1975, watu walihamishwa wakakaa mbali na ngitili zao, na desturi ile ikadhoofika sana. Kufika mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi kama hekta 600 katika mkoa mzima, nao ulikuwa mkoa mkubwa, maana Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado sehemu yake. Watu walianza kuiita nchi ile jangwa.

Mwaka huo wa 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Hapo mwanzo mpango huu nao ulitaka kwenda kwa njia ya zamani: vitalu vya miche, miti ya kigeni, na mafundisho kutoka juu. Lakini wataalamu wake walifanya jambo ambalo wale wa Uluguru hawakulifanya. Waliketi na wazee, wakauliza, wakasikia habari za ngitili, nao wakakubali kwamba dawa iko mikononi mwa wenyeji. Kazi ya kulinda ikawekwa chini ya mikutano ya vijiji na chini ya dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma linalotunga sheria za kijiji, na sungusungu wakasimamia sheria hizo. Mwenye kuchunga ndani ya ngitili iliyofungwa alitozwa faini na majirani zake, kwa sheria waliyoitunga wenyewe.

Je, matokeo yalikuwa nini? Mpango ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000. Kuni zilizokuwa zikifuatwa mbali zikapatikana karibu, na nyasi za kuezekea, na nguzo, na dawa za mitishamba, na malisho ya kiangazi. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa, Equator Prize, inayosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo, UNDP. Ukiilinganisha Uluguru na Shinyanga utaona kwamba udongo ni ule ule wa Tanzania na mvua ni ile ile ya Mungu. Tofauti ni baraza.

Lakini tusidanganyane. Hata Shinyanga haki haikuja yenyewe. Mwenye ardhi kubwa alifunga ngitili kubwa, na asiye na ardhi alitegemea ile ya kijiji peke yake. Ndiyo sababu nasema haitoshi kuilinda miti. Lazima tuulize pia miti hiyo inamfaa nani. Kijiji kikifunga msitu wote, na tajiri akabaki na wake wa kuchungia, hapo maskini ndiye aliyefungiwa, wala si ng'ombe. Na mama anayekwenda kuni ndiye anayejua zaidi mti upi umekwisha. Akikaa nyuma ya mkutano bila kusema, mkutano huo umepofuka jicho moja.

Mtu aweza kusema: Shinyanga walifaulu kwa sababu wengi wao ni Wasukuma, wana desturi moja na lugha moja. Je, vijiji vyenye makabila mbalimbali? Swali hili ni zito, na jibu lake tulilipata kwa damu. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sababu zilikuwa malisho, maji na mashamba. Mambo hayo matatu huweza kupangwa na watu waliokaa mahali pamoja wakazungumza. Lakini penye mkutano wa wakulima huku, na mkutano wa wafugaji kule, na kila upande ukimhesabu mwenzake kuwa mgeni, basi hapo hapana mkutano, pana majeshi mawili yanayongoja siku.

Ajabu ni kwamba watu hawa wana elimu inayofanana wala hawajui. Mfugaji wa Kimaasai ana alalili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yangoje kiangazi. Msukuma ana ngitili. Jambo ni moja, majina ni mawili. Wamatengo wa Mbinga, katika milima mikali, hulaza majani kwa mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo wa katikati, wakapata mashimo ya ngoro ambayo huyazuia maji yasichukue udongo. Na wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka mia bila bwana shamba kuwafundisha. Wachagga wana mifereji ya kuteremsha maji kutoka Kilimanjaro na vihamba vya migomba na kahawa. Wakara, katika kisiwa chao kidogo cha Ukara ndani ya Ziwa Viktoria, waliwalisha ng'ombe zizini na kubeba samadi mashambani zamani sana. Hizi zote ni mali za taifa moja.

Basi hapa nawageukia walimu wenzangu. Mkoloni alizigawa shule kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha kwa kadiri ya rangi. Tangu Januari 1962 ubaguzi ule uliondolewa kwa sheria, nasi twashukuru. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Lakini kumkalisha mtoto wa Kimaasai na mtoto wa Kiluguru dawati moja ni mwanzo tu wa kazi. Je, mtoto yule wa Kiluguru amepata kuambiwa kwa nini baba wa mwenzake huhamahama na ng'ombe? Na huyu wa Kimaasai amepata kuambiwa kwa nini babu wa mwenzake alikataa matuta? Ni walimu wangapi wa Kigoma wanaoweza kueleza ngoro ya Mbinga? Kiswahili kimetupa lugha ya kuelezana mambo haya. Tukikitumia kwa kupigia kura na kuchezea ngoma tu, tumekipunja.

Wengine wataogopa kwamba tukifundisha habari za makabila tutarudisha ukabila. Sikubali. Ukabila hulishwa na ujinga. Mtu humdharau jirani yake kwa sababu hajui lolote jema juu yake. Umoja wetu haukusudii kumfanya kila mtu asahau alilojua babu yake; unakusudia alilojua babu wa mmoja liwe la wote.

Na wakati huu ndio wenyewe. Leo vijijini wanafika watu wenye mikataba ya kuuza hewa ya ukaa ya misitu yetu, wenye leseni za madini, wenye kutafuta mashamba makubwa. Pengine wengine wana mambo mema. Lakini kijiji kisichokutana hakiwezi kupambanua mema na mabaya. Sheria tunayo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji mamlaka ya juu kijijini, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujakubali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama. Sheria iliyolala sandukuni haimlindi mtu.

Kwa hiyo, wanachama, naomba kila tawi lishike mambo matatu. La kwanza, tuhakikishe mkutano wa kijiji unaitwa kila miezi mitatu kama ipasavyo, na kila mkataba wa ardhi, maji au msitu usomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, tena uachwe siku kadhaa watu waufikiri kabla ya kuamua. La pili, mkulima, mfugaji, mvuvi, mwanamke na kijana wote waitwe mkutano mmoja, na ikiwa kuna mzee asiyejua Kiswahili vizuri, awekewe mkalimani. La tatu, shule iwaite wazee wa makabila yote ya kijiji waje kufundisha watoto jinsi walivyoitunza ardhi, na kila shule yenye nafasi ifunge ngitili yake, kama zilivyofanya shule za Shinyanga, watoto wailinde na kuivuna.

Na katibu wa tawi asione fahari kwamba mkutano wake ulikwisha upesi bila mtu kuuliza. Mkutano wa namna hiyo ndio wa kutia mashaka. Watu wakiuliza, wakabishana mpaka jua linatua, wakatoka na neno moja, hapo ndipo ardhi imepata walinzi.

Uhuru na Umoja.