Mifano Mitano Si Uthibitisho

Aghalabu katika madarasa ya hisabati huandikwa mifano mitatu au minne ubaoni, yote ikakubaliana na kanuni, kisha darasa zima likahitimisha kwamba kanuni hiyo ni kweli daima. Desturi hii ina madhara, na namba 4,294,967,297 ni shahidi wake.

Katika karne ya 17 Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alichunguza namba zipatikanazo kwa kuipandisha 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Majibu ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kwamba mfululizo huo hautatoa kamwe namba isiyo tasa.

Kipeo kinachofuata ni 32, nacho huleta 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Mfano wa sita ukaiangusha imani iliyosimama juu ya mitano.

Euler alithibitisha pia kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, hakina budi kubakisha 1. Kwa hiyo, badala ya kujaribu namba tasa zote 116 kuanzia 2 hadi 641, yatosha kujaribu tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja.

Wapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hausubiri. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuzidisha 641 kwa 6,700,417 kwa kalamu na karatasi, katika dakika chache, akajionea mwenyewe kosa la bingwa. Somo hilo halitamtoka.

Mifano ina kazi yake: humwonyesha mtafiti pa kutafuta. Haina mamlaka ya kutoa hukumu. Hadi leo haijapatikana namba tasa ya sita ya aina hiyo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Mwalimu anayelieleza darasa lake jambo hilo bila kuficha huwa amefundisha hisabati kuliko yule anayegawa kanuni za kukariri.