Hasheem Thabeet alishindwa nini NBA? Na sisi wa Ufipa linatuhusu vipi?

Kila tukitaja NBA kwenye kipindi cha michezo, meseji huanza kuingia, kuanzia Laela mpaka Namanyere. Nyingi zinauliza swali moja: yule Mtanzania mrefu alishindwa nini kule Marekani? Wengine hata hawaulizi, wanahukumu kabisa kwamba alipewa nafasi akaichezea. Hewani dakika tatu hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tunaliandika hapa.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Ana urefu wa mita 2.21, kwa hiyo mlango wa futi saba lazima ainame. Lakini kuna namba nyingine ambayo watu huisahau: alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Ishike hiyo, tutairudia.

Kutoka Shule ya Sekondari Makongo alikwenda Houston, Texas, akamalizia sekondari huko, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Pale aling'ara kweli. Kazi yake ilikuwa kulinda ringi, na mwaka 2008 na 2009 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Mwaka huo huo timu yake ilifika nne bora ya vyuo vya Marekani nzima.

Juni 2009 ukaja uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, wanaouita drafti (siyo ile ya visoda inayochezwa vijiweni). Klabu huchagua kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet, na hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry.

Hapo ndipo lawama zilipoanzia. Harden na Curry wakawa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa kizazi chao. Thabeet, Februari 2010, alishushwa kwa muda kwenye ligi ya chini kuichezea Dakota Wizards, na hakuna aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Baadaye alipita Houston Rockets, Portland, kisha Oklahoma City Thunder. Katika misimu mitano alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2. Baada ya NBA alikwenda kucheza Japani na Taiwan.

Sisi tunaona neno kushindwa halimtendei haki, ingawa hatutasema alifanikiwa kama ilivyotarajiwa. Tazama alichokutana nacho. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph, watu wawili wazito kwenye nafasi zile zile za karibu na ringi. Kijana wa kujifunza hakupata dakika za kutosha, na mchezaji asiyepata dakika hafundishwi na mazoezi peke yake.

Pia mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Mitupo ya mbali ya pointi tatu iliongezeka, na mlinzi mrefu aliyezoea kusimama chini ya ringi akalazimika kutoka nje kukimbizana na watu wepesi. Miguu ya namna hiyo hujengwa utotoni. Ndiyo hiyo miaka 15 tuliyosema uishike: wenzake wengi walikuwa wameshika mpira tangu shule ya msingi. Yeye tangu agusane na kikapu hadi kuchaguliwa wa pili ilikuwa kama miaka saba tu. Kwetu sisi hiyo ni ajabu, si aibu.

Linganisha na Ufilipino. Watu wa kule kwa wastani si warefu, lakini ringi utaikuta mtaani, hata imepigiliwa kwenye mnazi. Ligi yao ya kulipwa, PBA, ipo tangu 1975 na ndiyo ya kwanza barani Asia. June Mar Fajardo, mzaliwa wa Cebu, hakuhitaji kwenda Marekani ili aishi kwa mpira. Alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya nyumbani mwaka 2012, akaichezea San Miguel, na akawa mchezaji bora wa ligi misimu sita mfululizo. Thabeet hakuwa na ngazi hiyo nyumbani. Siku hizi ipo ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, lakini yeye ujana wake ulikuwa umeshapita.

Sasa turudi Rukwa, maana wazazi wanatuuliza kama mtoto mrefu wa Nkasi au Kalambo anaweza kufika. Kwanza tuseme jambo chungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wana udumavu, wakati wastani wa taifa ni 30. Mkoa unaouza mahindi nje! Ugali upo, ila sahani ya mtoto haina maharage, mayai, dagaa wala matunda ya kutosha. Na udumavu hauishii kwenye urefu, unagusa hata uelewa darasani. Kipimo cha urefu kliniki, ambacho wengi huona ni kupotezewa muda, ndicho kinachowahi kuonyesha tatizo.

Kuhusu mchezo wenyewe, shule nyingi za uwandani hazina ringi hata moja, na mtoto hukutana na kikapu sekondari, kwenye maandalizi ya UMISSETA. Ni umri ule ule wa Thabeet. Ringi husimama mita 3.05 kutoka ardhini, na kipenyo chake ni sentimita 45. Fundi wa kuchomelea wa Sumbawanga mjini anaweza kuitengeneza akipewa hivyo vipimo, na nguzo mbili za mti zilizochimbiwa vizuri zinaibeba. Mwalimu mkuu au kamati ya shule yenu ikijenga moja, tutumieni picha na jina la kijiji, tutakuja kurekodi.