Kiti Kipimwe kwa Mwenye Kukikalia

Upo mtindo wa kununua viti vya magurudumu kama yanunuliwavyo madawati: vyote saizi moja, kwa bei ya chini, vikabidhiwe siku moja mbele ya wageni. Mtindo huo haufai hata kidogo. Mtoto wa miaka minane huketishwa katika kiti cha mtu mzima, akaegemea upande, na mgongo ukazidi kupinda kadiri anavyokua.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kiti kinachofaa hulingana na mwili wa mtumiaji na mazingira yake, huwa imara, tena huweza kutengenezwa nchini mwake. Hapana budi basi mtu apimwe upana wa nyonga na urefu wa paja kabla ya fedha kutoka. Mto nao si pambo. Asiyehisi maungo ya chini hupata vidonda kwa kukalia kitambaa kitupu, na vidonda hivyo vikiingia uchafu huweza kumwua.

Njia nayo iangaliwe. Kiti cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, ni cha sakafu laini. Kwenye mchanga wa Bagamoyo au matope ya Rungwe hukwama. Huko chafaa kile kirefu cha magurudumu matatu, chenye tairi za baiskeli ambazo fundi wa kijijini huziba pancha.

Chuo cha TATCOT, mjini Moshi, kimefundisha mafundi wa viti hivi. Halmashauri inayokusudia kununua na imwite kwanza fundi wa namna hiyo, aje na futi kamba yake.